Nilikwenda Pemba kikazi, nikarudi na jina la mchawi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 39, naishi Mwanza na mume wangu na mtoto mmoja wa miaka minne. Ni mhasibu katika kampuni ya ujenzi. Naandika usiku huu kwa sababu usingizi umekataa na sina wa kumwambia. Niliyemwambia ni mmoja tu, na naona kama nimekosea.

Tangu mwaka jana naumwa kichwa, hasa kisogoni, asubuhi. Zahanati walinipima wakasema ni presha, wakanipa vidonge vya amlodipini, kimoja kila siku. Kichwa kilipungua lakini hakikuisha. Halafu likaja jingine. Kama mara mbili kwa wiki naamka usiku, naona chumba chote, namsikia mume wangu akikoroma, ila siwezi kuinua hata kidole. Kitu kizito kimenikalia kifuani. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Kinakaa dakika moja au mbili, kisha kinaondoka na mimi nabaki nimelowa jasho. Nilipomweleza daktari aliitikia "mh" huku anaandika, akaniambia nipunguze mawazo na chumvi. Foleni nilikaa saa tatu. Ndani, hata kiti hakikupata joto.

Mwezi uliopita kampuni ikanituma Pemba wiki tatu kufunga hesabu za mradi. Nilipanga chumba Wete kwa mama mmoja wa makamo, mkarimu sana. Usiku mmoja alinisikia nikigumia. Asubuhi, ananimiminia chai, akasema: "Mwanangu, hilo si la hospitali. Na huku umefika pahala pake." Nilicheka. Mimi ni Mkatoliki, na kwetu Usukumani waganga tunao tele. Lakini Shangazi, unajua ilivyo. Mganga wa nyumbani unamjua mpaka madeni yake. Wa mbali ndiye anayeaminika, na jina la Pemba limefika hadi kwetu.

Siku ya tatu nikakubali. Akaniitia mpwa wake mwenye bodaboda. Kijana mchangamfu, njia nzima tunaongea: natoka wapi, nimeolewa, watoto wangapi, kwao mume ni wapi, wakwe wapo? Nikamwambia wakwe walishafariki, aliyebaki ni shangazi yake mume wangu, ndiye aliyemlea, anaishi peke yake kijijini Magu. Tulipofika akaniambia nisubiri chini ya mkarafuu yeye akabishe hodi. Alikaa ndani mpaka nikaanza kuhesabu majamvi ya karafuu yaliyoanikwa uani.

Mzee mwenyewe ni wa umri wa baba yangu, kanzu safi, sauti ya chini. Chumba kinanukia udi. Aliniuliza jina langu na la mama yangu, akayaandika kwa herufi za Kiarabu, akahesabu, kisha akachora vidoti mistari kwa mistari kwenye karatasi. Akaniuliza naumwa nini. Shangazi, niliongea karibu saa nzima na hakunikatiza hata mara moja. Aliuliza naota nini, nalala upande gani, kichwa kinaanza saa ngapi. Aliuliza na mimba mbili zilizoharibika kabla ya mtoto huyu, kama nilipata nafasi ya kuzililia. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nililia pale mkekani kama mtoto.

Halafu akasema: "Nyota yako imefunikwa. Namwona mtu mzima. Wa kwenu au wa kwao?" Nikasema, wa kwao? "Wa kwao. Mwanamke." Nikaitika. "Yuko peke yake." Mwili ukanisisimka. "Macho yake..." akanyamaza, ananitazama. Nikasema, mekundu. Akafumba karatasi. "Basi. Umemjua mwenyewe."

Akaniandikia kombe: sahani nyeupe, zafarani, akaisuuza kwa maji na marashi, nikanywa. Akanipa unga wa kijivu kwenye kipande cha gazeti, kijiko kimoja asubuhi na jioni kwa siku saba, na vidonge vya hospitali niviweke kando siku hizo visigombane na dawa. Nilitoa sadaka 15,000. Usiku ule nililala fofofo, na uliofuata pia.

Nilipomaliza kazi na kuja kuaga ndipo akanieleza habari ya kazi kubwa: mbuzi mweusi, vitambaa, ngoma ya usiku mmoja, jumla 480,000. Niitume kwa simu, kwani itafanyika hata nisipokuwepo. Unga nao nisiuanze mpaka nivuke maji, nifike kwangu. Nimefika Mwanza, unga nimeuanza, pesa sijatuma. Amenipigia mara tatu. Mara ya mwisho alisema kazi iliyoanzwa ikaachwa njiani humgeukia aliye mdogo nyumbani. Tangu hapo naamka kila baada ya muda kumgusa mwanangu kama anapumua. Na kile kitu cha kifuani kimerudi, safari hii kila usiku.

Leo ni siku ya sita sijameza vidonge. Mume sijamwambia chochote. Niliyemwambia ni mdogo wangu, ameolewa hukohuko Magu, anauza vitenge sokoni. Nilipomtaja yule shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi nilijua tu. Hata shemeji yako huwa anasema." Shemeji ni mdogo wa mume wangu. Shamba lake linapakana na la huyo bibi.

Mara ya mwisho bibi alikuja kwetu Pasaka. Aliomba tumsaidie mabati, paa linavuja. Tukamwambia tutaona. Alipokuwa anaondoka alimshika mwanangu kichwani akanong'ona maneno ya Kisukuma ambayo sikuyasikia vizuri. Sasa kila nikiikumbuka ile mikono nashindwa kula.

Nitume pesa? Ni kweli ni yeye? Na mbele za Mungu nimefanya kosa kiasi gani?

Mama wa Mmoja, Mwanza

*

Marahaba mwanangu.

Kabla hujasoma aya ya pili, mpigie mdogo wako. Usimtumie ujumbe, piga, umsikie sauti. Mwambie hivi: "Yale niliyokuambia juu ya shangazi hayakuwa kweli. Mganga hakumtaja. Nilimtaja mimi, nilikuwa naumwa. Umeshamwambia nani?" Kama hajamwambia mtu, aape kwamba hatamwambia. Kama ameshamwambia mumewe au huyo shemeji, basi mumeo inabidi ajue usiku huuhuu. Nitakueleza kwa nini hili limetangulia hata kichwa chako.

La pili ni presha. Siku sita bila kidonge, ile dawa imebaki kidogo sana mwilini. Kesho zahanati ikifunguliwa uwe mlangoni, na uwaambie ukweli wote, na unga wenyewe uubebe na kipande chake cha gazeti. Usiendelee kuunywa. Sijui ni mti gani, na wewe hujui, na hakuna daktari atakayejua unagombana na nini kama umeuficha kwenye pochi. Kidonge cha leo meza sasa hivi kama unacho, kimoja tu. Usimeze viwili kufidia. Na kama usiku huu kichwa kitapasuka kwa maumivu ya ghafla, au macho yataona ukungu, au upande mmoja wa mwili utakufa ganzi, au ulimi utakuwa mzito, au kifua kitabana ukiwa macho kabisa, usisubiri kuche. Mwamshe mumeo mwende hospitali. Presha ikifika 180 juu au 120 chini, pamoja na dalili kama hizo, ni dharura, na mtu wa miaka 39 anaweza kupooza nayo kama wa miaka 70.

Sasa tuongee.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na sehemu niliyorudia zaidi ni yale mazungumzo ya mkekani. Hebu yasome tena wewe mwenyewe kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mzee aliuliza: wa kwenu au wa kwao? Hilo ni swali, nawe ukachagua. Akasema mwanamke. Kwa mke anayeumwa, aliyetoka kusimulia habari za mimba zake, upande wa ukweni, angesema nini kingine? Akasema yuko peke yake. Hapo ndipo mwili ulikusisimka, na mimi ndipo niliporudi kwenye bodaboda. Ulimwambia yule kijana kila kitu, mwanangu. Wakwe hawapo, shangazi amebaki, yuko peke yake, Magu. Kisha ukakaa chini ya mkarafuu ukihesabu majamvi wakati yeye yuko ndani "anabisha hodi". Sikuwepo, siwezi kuapa walizungumza nini. Ila hodi haichukui muda wa kuhesabu majamvi.

Halafu akasema, "Macho yake," akanyamaza. Aliyemalizia sentensi ni nani?

Ungesema "mapole" angefumba karatasi vilevile.

Wewe ni wa Mwanza, kwa hiyo sina haja ya kukufundisha macho mekundu maana yake nini Usukumani. Ila nitayasema kwa ajili ya wasomaji wa kwingine. Mwanamke aliyepika miaka sitini kwenye jiko la mafiga, kwa kuni na pale miti ilipokwisha kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, macho yake yatakuwa mekundu. Ni moshi. Na kwa macho hayo, katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na jirani zake, wanawake wazee wamekuwa wakikatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao. Katika miaka mibaya watetezi wa haki za binadamu waliwahesabu kwa mamia kwa mwaka mmoja. Mwanzo wake mara nyingi ni mtoto aliyeugua au ng'ombe waliokufa, mtu akaenda kupiga ramli, akarudi na jina. Au hakurudi na jina, alirudi na "mtu mzima, wa kwao, yuko peke yake". Jina likajazwa nyumbani na watu waliokuwa nalo siku nyingi mdomoni. Serikali ina neno lake kwa kazi hiyo, ramli chonganishi, na Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Wapo hadi leo, unavyoona.

Sasa tazama uliyoniandikia. Bibi mjane au asiye na mume, peke yake, macho mekundu, ana shamba. Anayepakana nalo ni shemeji yako, na shemeji "huwa anasema". Mdogo wako yuko sokoni, mahali ambapo neno linauzwa haraka kuliko vitenge. Sisemi shemeji ni muuaji; simjui. Nakuuliza tu, bibi akikimbia kijiji kesho, shamba litalimwa na nani? Umeona kwa nini nimekutaka upige simu kwanza? Na kama uvumi umeshatoka, mumeo aende mwenyewe Magu, akalale kwa shangazi yake siku mbili tatu, watu wamwone anakula chakula chake, na mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji waambiwe wazi kwamba familia haina neno naye. Ikibidi, polisi.

Kuhusu kile kinachokukalia kifuani. Kinaitwa jinamizi, na kinakuja kwa watu wa dini zote na mabara yote. Mtu akiwa kwenye usingizi wa ndoto, ubongo huilegeza misuli ya mwili na kuizuia, ili asizitende ndoto zake akaamka ameanguka dirishani. Mara nyingine akili inaamka kabla misuli haijafunguliwa. Basi unaona chumba, unasikia mkoromo, mwili haukutii, pumzi inaonekana nzito, na kwa kuwa ndoto nayo haijaondoka, chumbani kuna mtu. Huzidi kwa anayelala chali, kwa anayekosa usingizi, na kwa mwenye hofu. Wewe sasa hivi unaamka kila mara kumgusa mtoto. Ndiyo maana kimerudi kila usiku. Kimeletwa na simu ya mzee, na hapo kweli nakubali kwamba umerogwa: kwa simu.

Tena huko ulikokuwa wanalijua jambo hili kuliko sisi. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi, hofu ya Popobawa, jini la usiku, ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu walieleza kitu kilichowakalia usiku, wakashindwa kutikisika wala kupiga kelele. Familia nzima zikalala nje, mmoja karibu na mwenzake, wamewasha moto. Na unajua aliyekufa ni nani? Mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili, aliyeuawa na umati mjini kwa kudhaniwa ndiye. Jinamizi lenyewe halikumuua mtu mwaka ule.

Usinione nawachukia waganga. Mwaka 2011 nilikuwa mmoja wa waliokwenda Samunge, Loliondo, kwa yule mchungaji mstaafu, Ambilikile Mwasapile. Nilimsindikiza mama yangu mwenye kisukari. Tulipita Mto wa Mbu, tukapita pembeni ya Ziwa Natron, tukalala ndani ya gari usiku tatu kwenye foleni ambayo mwisho wake hatukuuona. Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500 tu. Kilichotumaliza ni nauli na maji ya kunywa. Mama alikunywa kikombe chake kwa imani yote. Jioni ileile nikamfungulia pindo la kanga nikamtolea kidonge chake cha sukari, naye akakimeza, akaniambia, "Hivi viwili havijaonana, visijuane." Tulicheka sana. Wengi waliorudi kutoka kule waliacha dawa, hata za kufubaza virusi vya UKIMWI, na kuna waliozikwa kwa sababu hiyo. Mama yangu alikaa miaka minane zaidi, na mpaka mwisho alisema ni kikombe. Sikubishana naye.

Kwa hiyo kwenda kwako sikulaumu. Muhimbili wana taasisi nzima ya utafiti wa dawa za asili, kazi iliyoanza mwaka 1974. Bara kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga, na Zanzibar wana utaratibu wao. Mganga aliyesajiliwa ana cheti, na ukikiuliza hakasiriki. Wapo mafundi Unguja na Pemba ambao wakikuona umevimba miguu wanakwambia nenda kapime kwanza, ndipo urudi.

Na kuna jambo ambalo pengine mwenyeji wako mwenyewe lilimshangaza. Uganga wa Pemba, ule wa pepo, mara nyingi hautafuti mtu wa kulaumu. Fundi anakwambia una shetani, ana jina lake, anapenda kitambaa hiki na manukato haya, ana hasira kwa kuwa hujamjali. Basi mtampigia ngoma, atapanda, atasema anachotaka, mtapatana, utaishi naye. Gharama ipo, na wengine wanafilisika, na sikushauri. Lakini katika uganga huo mwenye kosa hana mwili, hakuna mlango wa kwenda kuuvunja usiku. Kama mzee angekuambia hivyo, barua hii ningeijibu nusu ukurasa, na nusu ya nusu hiyo ingekuwa utani. Alichokupa yeye ni mtu mwenye nyumba na paa linalovuja.

Jambo moja alilolifanya sawasawa, na nataka ulikumbuke kwa sababu ndilo lililokupa zile siku mbili za usingizi. Alikuuliza kama ulipata nafasi ya kuzililia mimba zako. Umekaa na hilo miaka mingapi? Zahanati hawakuuliza kwa kuwa nje kuna watu hamsini, mumeo hakuuliza kwa kuwa naye pengine hajui pa kuanzia. Ulilia, ukachoka, ukalala. Kombe ulilokunywa ni zafarani, marashi na maji. Kilio kilikuwa chako. Hicho unaweza kukilia tena bure, na mumeo, ambaye watoto wale walikuwa wake pia. Au na mtawa mmoja pale parokiani, au na mshauri wa hospitali ya rufaa ukiomba akuandikie.

Pesa usitume. Hata shilingi. Mwenye kazi ya kweli hamfukuzi mgonjwa kwa simu, na akishaanza kumtaja mtoto wako, hilo jina lake si tiba. Usibishane naye, usimtukane, usimwambie umeandika kwangu. Hifadhi namba na tarehe alizopiga, kisha mzuie. Akipiga kwa namba nyingine na kutishia tena, nenda nazo polisi. Mwanao hana kitu. Usiku wa leo alale na ninyi kama hilo litakutuliza, ila acha kumwamsha.

Mumeo mwambie. Anza na presha na vidonge ulivyoacha, kwa sababu hilo anaweza kulifanyia kitu mara moja. Mwambie ulikwenda, ulilia, ulitoa 15,000, na unadaiwa 480,000 na mtu ambaye hukumkopa kitu. Kama simu ya mdogo wako imeonyesha kwamba neno halijatoka, hapo kwenye jina simama. Najua wako watakaosema mume hafichwi kitu. Mimi nasema mwanamume aliyelelewa na bibi yule, ukimwambia "karatasi ilisema ni yeye", hata asipoamini ataanza kuitazama mikono yake, kama unavyoitazama wewe. Ukimtajia tu kwa sababu neno limeshatoka, mwambie na ni nani aliyelitaja.

Ile mikono, kwa kweli, ndiyo iliyonisikitisha kuliko yote. Mzee wa Kisukuma akimshika mjukuu kichwani wakati wa kuaga anafanya nini, kwenu? Wewe unajua. Ulijua siku ya Pasaka, ndiyo maana hukumzuia. Nina hisia kwamba jina lake lilikuja haraka mkekani kwa sababu lilikuwa linakusumbua tayari: aliomba mabati, mkasema tutaona, na hamjaona. Tunamdhania vibaya mtu tunayemdai? Mara chache. Tunayemdhania ni yule anayetudai sisi.

Kuhusu dhambi, mimi si padri. Kaungame, atakuambia, na nadhani atakuwa mpole kuliko unavyojihukumu. Usisahau tu kumweleza na lile neno ulilompa mdogo wako.

Zile 480,000 ulikuwa na nia ya kuzipata mahali. Zitafute vilevile, kidogo kidogo, na muulize fundi wa Magu paa la bibi linahitaji mabati mangapi. Mumeo ndiye ayapeleke, mchana, yapite katikati ya kijiji juu ya mkokoteni.

Kesho ukitoka zahanati niandikie namba zote mbili, ya juu na ya chini.

Shangazi